Simu anaijua, kompyuta je?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, nyumba nyingi za Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere huanza hesabu. Yauzwe magunia mangapi ya mahindi? Nauli itatoka wapi? Mkopo utapatikana au hautapatikana? Katikati ya hesabu hizo kuna swali moja husahaulika mpaka kijana afike chuoni: kompyuta anajua kuitumia?

Wazazi wengi hujibu ndiyo, kwa sababu wanamwona mtoto na simu janja asubuhi hadi usiku. Lakini simu na kompyuta hazifanani. Simu hutunza picha yenyewe, bila kumuuliza mwenye nayo. Kompyuta humtaka aamue mwenyewe: kazi hii iitwe jina gani, iwekwe wapi, ihifadhiwe lini. Kijana anayetuma ujumbe kwa vidole gumba viwili anaweza kukaa mbele ya kibodi nusu saa akitafuta herufi za aya moja.

Chuoni kazi hazisubiri

Vyuo vikuu vingi nchini hufundisha somo la misingi ya kompyuta mwaka wa kwanza. Tatizo ni kwamba masomo mengine hayamsubiri mwanafunzi alimalize. Wiki chache tu baada ya kufungua chuo, mhadhiri anataka kazi iliyochapwa, yenye kurasa zilizopangwa, iliyotumwa kwa barua pepe au kupakiwa kwenye mfumo wa chuo kabla ya saa iliyotajwa.

Asiyejua hukimbilia steshenari na kulipa kwa kila ukurasa. Fedha hiyo hutoka kwenye chakula. Na kwenye kazi za kikundi, mwenzake ndiye anayeshika kipanya huku yeye akitazama. Wengi huona aibu kuuliza, wakamaliza muhula wakiwa wametazama tu.

Mzazi asijilaumu kwa kutomfundisha. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata zuio lilipolegezwa baadaye, mashine hizo zilichukua miaka mingi kufika mikoani. Wazazi wengi wa leo walimaliza shule bila kuigusa.

Mambo matano ya kuanza nayo

Kijana hahitaji kuwa fundi. Ahakikishe anaweza mambo haya kabla ya kuondoka nyumbani.

Kwanza, kuchapa. Kwenye kibodi, herufi F na J zina vinundu vidogo. Hapo ndipo vidole vya shahada hukaa, vingine vikijipanga pembeni. Dakika 20 kila siku kwa wiki kadhaa zinatosha kumtoa kwenye kudonoa herufi mojamoja.

Pili, kuhifadhi. Kazi inayoonekana kwenye skrini bila kuhifadhiwa inakaa kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika inaweza kupotea yote. Azoee kubonyeza Ctrl na S kila baada ya aya, na awe na nakala ya pili kwenye flashi au mtandaoni.

Tatu, kupanga faili. Folda ni kama kabati, faili ni karatasi iliyomo. Anayeacha kila kitu mahali pamoja kwa jina la "kazi1" na "kazi2" atapeleka kazi isiyo yenyewe siku ya mwisho.

Nne, barua pepe: kuandika kwa heshima, kuweka kichwa cha habari na kuambatanisha faili.

Tano, jedwali la hesabu. Hapa mzazi anaweza kumpa kazi halisi: aingize mauzo ya mahindi ya nyumbani, magunia safu moja na bei safu nyingine, kisha atumie fomula kuzidisha na kujumlisha. Familia itapata daftari lake la mauzo, na kijana atakuwa amejifunza Excel.

Neno la siri ni lake

Siku hizi maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA na maombi ya chuo yote hufanyika mtandaoni. Vijana wengi hujaziwa fomu steshenari, na hapo ndipo hatari ilipo. Mhudumu akifungua akaunti kwa barua pepe aliyoitengeneza yeye, au kwa namba yake ya simu, kijana ataondoka bila ufunguo wa mambo yake mwenyewe. Taarifa ya kurekebisha kasoro itatumwa, naye hataiona mpaka dirisha lifungwe.

Kulipia huduma si kosa. Ila barua pepe iwe ya mtoto, namba ya simu iwe yake, laini isajiliwe kwa jina lake, na neno la siri aliandike mwenyewe. Nakala yake ikae nyumbani pamoja na vyeti.

Ajifunzie wapi?

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi mkoani Rukwa, hivyo si kila kijana atasafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda Mbeya. Lakini akibaki karibu au akienda mbali, maandalizi ni yaleyale. Mjini Sumbawanga anaweza kutafuta mafunzo ya muda mfupi. Kabla ya kulipa, mzazi aulize jambo moja: kila mwanafunzi anashika kompyuta yake, au watano wanazunguka moja?

Aliyeko kijijini asikate tamaa. Simu janja nyingi hukubali kuunganishwa na kibodi ya kawaida kwa kiunganishi kidogo kiitwacho OTG. Akiweka programu ya kuandikia, atafanya mazoezi ya kuchapa na kupanga faili bila kununua kompyuta. Wanaokwenda JKT, kama kambi ya Milundikwa wilayani Nkasi, hubaki na muda mfupi zaidi, kwa hiyo ni vema waanze mara tu baada ya mtihani wa Mei.

Kuhusu laptop, mzazi asiuze ng'ombe kwa haraka. Kwa kozi nyingi, mashine iliyotumika yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 inatosha. Kozi za uhandisi na usanifu majengo huhitaji zaidi, hivyo ni busara kuuliza idara kwanza. Asiyeweza kununua aulize kuhusu maabara ya kompyuta ya chuo.

Mkulima wa Ufipa hufukia majani kwenye ntumba mvua zikiwa bado zinanyesha, ili msimu unaofuata akute udongo wenye rutuba. Miezi kati ya mtihani na kufunguliwa kwa chuo ndiyo ya kufukia majani.

Mzazi asiyejua kompyuta naye anaweza kumpima mtoto. Amwambie aandike barua ya ukurasa mmoja kwa babu yake, aihifadhi, azime mashine, aiwashe tena, aitafute barua ile na kuituma kwa barua pepe. Akiyafanya yote bila kushikwa mkono, yuko tayari. Akikwama, bado kuna muda wa kumfundisha akiwa nyumbani, ambako kuuliza si aibu.