Baiskeli Iliyomzidi Babu Umri

Wekeni msasa chini kwanza. Na wewe uliyeuficha nyuma ya mgongo, nimekuona.

Baiskeli hii tumeitoa asubuhi ya leo hapa Kizwite, chini ya magunia ya mahindi, na tayari mnagombania rangi. Huyu nyekundu, yule bluu. Rangi ipo tu dukani, haikimbii. Tukikwangua kabla ya kuisoma, tutafuta kutu pamoja na maandishi.

Jirani akipita atawaambia, "Ya mkoloni hiyo!" Kaona breki za fito na magurudumu ya inchi 28. Msimkubalie upesi. Umbo hili lilitoka Uingereza, lakini viwanda vya India na China viliendelea kulitengeneza miaka mingi baada ya Uhuru. Baiskeli za Hero zilianza kuundwa Ludhiana, India, mwaka 1956. Phoenix zilitoka Shanghai. Ziegeshe jioni kando ya Raleigh ya Nottingham kule Uingereza, uzitazame kwa mbali: utadhani ni mapacha.

Basi tusogee karibu. Kibati cha mbele, chini ya usukani, kimeshang'oka, yamebaki matundu tu. Tazameni lile duara la meno linalovuta cheni. Uwazi uliokatwa ndani yake mlidhani ni maua? Angalieni tena: shingo ndefu, mdomo mrefu. Ni vichwa vya korongo, na korongo ni alama ya Raleigh. Tumepata ukoo. Mwaka bado.

Mnashangaa kwa nini nauliza sana? Wazee wetu wa hapa Ufipa waliyeyusha chuma wenyewe, kwenye malungu, zile tanuri za udongo zilizomzidi mtu kimo, ambazo mabaki yake bado yamesimama hapa na pale. Ndiyo maana naona aibu kidogo Mfipa akishika chuma asitake kujua kimetoka wapi. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Nipe kitambaa na mafuta ya taa. Tusugue taratibu kitovu cha gurudumu la nyuma, pale spoku zote zinapoanzia. Someni: Sturmey-Archer. Herufi AW, maana yake kitovu hiki kina gia tatu ndani ya tumbo lake. Na hizi tarakimu mbili? 58. Pembeni yake 4. Kiwanda kilikuwa kinagonga mwaka na mwezi juu ya chuma chenyewe. Aprili 1958!

Polepole, msishangilie. Kilichozaliwa Aprili 1958 ni kitovu. Gurudumu huhama. Fundi huvua la baiskeli iliyokufa, akalivika iliyo hai, na mwenye mali akaondoka anapiga kengele. Hebu oneni gurudumu la mbele: limeandikwa kuwa limetoka India. Huyo ni mgeni, kaja baadaye. Ndiyo maana hatuulizi chuma kimoja tukaridhika.

Tulegeze kiti, tuchomoe bomba lake. Mmeona ule ukanda uliokuwa umebanwa na bolti? Weusi wake bado unang'aa, kwa sababu jua halijawahi kuuonja. Hiyo ndiyo rangi ya kwanza, anayetaka bluu anisamehe. Hapo karibu pana namba ya fremu. Usiikwangue kwa kisu. Weka karatasi juu yake, uipitishie penseli kwa ubavu, namba itajitokeza yenyewe. Iandikeni daftarini pamoja na maandishi ya kitovu, na mchore kila kipande kilivyokaa kabla hatujafungua bolti ya pili. Kisha mmoja aende kwa bibi, mama yangu, amuulize: ilinunuliwa kabla ya Uhuru au baada yake? Wakati huo nani alikuwa amezaliwa, nani bado? Wazee wengi hawakumbuki tarehe, ila watoto wao wanawakumbuka mmoja mmoja.

Aliyetumwa kwa bibi kesharudi. Bibi kasema baiskeli iliingia nyumbani mimi nikiwa bado mgongoni mwake. Nami nilizaliwa 1959. Kitovu na bibi wamepatana, karibu kabisa.

"Kwa hiyo, Babu, inakuzidi?"

Kitovu chake kinanizidi, kweli. Mdogo wenu keshainama mbele ya gurudumu, mkono kichwani: "Shikamoo, baiskeli."

Haya, sasa leteni spana.