Zege Kwanza, Ngazi Baadaye

Huku kwetu Machame nyumba nyingi zimekaa kwenye mteremko, na mimi seremala nimejikuta najenga varanda za mbao kuliko kitu kingine chochote. Swali linalorudi kila mara ni hili: varanda imeshasimama, na chini yake mwenye nyumba anataka kumwaga zege la kukalia jioni. Je, ngazi ya kushukia ijengwe sasa, au ingoje? Karibu wote wanataka ngazi kwanza. Ninawaelewa, maana mlango wa sebule unafunguka kwenye sakafu iliyofika kifuani mwa mtu na hakuna pa kushukia. Lakini jibu langu halibadiliki. Zege litangulie, na sikati ubao wowote wa ngazi kabla halijakauka.

Tazama hesabu yenyewe. Varanda iko milimita 1,190 juu ya udongo. Fundi mwenye haraka anagawa kwa 7, anapata vidato vya milimita 170, vizuri kabisa. Kisha anakuja mtu wa zege na kumwaga sakafu ambayo uso wake umepanda milimita 100 juu ya udongo ule. Kidato cha chini kimebaki na milimita 70, vingine vyote vina 170. Mguu ukishashika kipimo cha vidato vya mwanzo unaendelea nacho bila macho kutazama, kwa hiyo kidato kimoja kilichopungua ndicho kinachomwangusha bibi aliyeshika sinia la chai. Halafu miguu ya ngazi imezikwa ndani ya zege. Maji ya masika yanaingia pembeni ya ubao, yanakaa humo, na hata mbao iliyotiwa dawa inaanza kuoza mahali ambapo jicho halifiki.

Kabla jembe halijagusa ardhi, mwenye nyumba aniambie uso wa mwisho wa sakafu utakuwa wapi. Kama ana nia ya kubandika vigae mwakani, aseme leo, kwa sababu vigae na gundi yake vitakula tena kidato cha chini. Kimo hicho nakihamisha kwa mpira wa maji na kukichora kwenye nguzo za varanda. Mstari huo wa penseli ndio unaotawala kazi yote.

Nguzo za varanda ziwe na misingi yake zenyewe, iliyoshuka hadi udongo mgumu. Sakafu ya uani isishikamane nazo: naacha mwanya wa milimita 10 kuzunguka kila nguzo na kuujaza sponji, maana sakafu na msingi havititii sawasawa. Mabomba ya maji na ya nyaya yapite sasa. Udongo ushindiliwe, hasa pale palipofukiwa karibuni, kisha moramu au kokoto, kisha zege la milimita 100. Toroli zinapita kwa raha kwa sababu hakuna ngazi njiani, na mbao mpya hazirukiwi na uji wa saruji.

Sasa jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Sakafu ya nje lazima iinamie mbali na nyumba, kama milimita 20 kwa kila mita, ili mvua isirudi ukutani. Ngazi yangu ya vidato 7 ina nyayo 6 za milimita 300, hivyo inatua mita 1.8 mbele ya varanda. Hapo zege limeshuka milimita 36. Ukipima chini ya ukingo wa varanda utapata 1,090. Ukipima pale ngazi inapotua ni 1,126, na kila kidato kinakuwa karibu milimita 161. Pima pale mguu wa ngazi utakapokaa. Ngazi ikishuka sambamba na ukuta, ubavu wake mmoja utahitaji kuwa mrefu kuliko mwingine.

Zege linywe maji siku 7 bila kukosa, limefunikwa magunia au nailoni. Nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28, lakini ngazi ya mbao ni nyepesi. Baada ya wiki hiyo natoboa na kufunga viatu vya chuma vinavyoinua mbao kutoka kwenye sakafu, ili maji yapite chini na mchwa wasipate njia ya siri. Siku hizo zote, familia itumie mlango mwingine. Kama kuna watoto, mlango wa varanda upigiwe ubao. Hilo silijadili na mtu.

Na aliyekwisha jenga ngazi juu ya udongo? Asiibomoe. Tegemeza ngazi kwa milunda, chimba milimita 200, weka milimita 100 za kokoto na 100 za zege, ili pale ngazi inapotua uso mpya uwe sawasawa na udongo wa zamani. Miguu ikatwe kiasi cha kiatu cha chuma tu. Lakini sakafu iliyolingana na ardhi hupokea maji ya shamba zima la juu, kwa hiyo mfereji wa kuyakinga uchimbwe siku ileile ya kuchimba, kabla saruji haijaagizwa.