Ndege nzima yakwama, kisa bolti!

Jumamosi iliyopita saa mbili usiku, viazi vikiwa kwenye karai na wateja wamejaa benchi, gesi ikakata kwenye kibanda chetu cha chipsi. Kaka akanikazia macho: "We, si nilikwambia uweke mtungi wa akiba?" Sikuwa na la kujibu. Wateja haoo, kwa jirani. Aibu gani hiyo!

Msinicheke, jamani. Hata watengeneza ndege yaliwakuta. Julai 8, 2007, kampuni ya Boeing iliwaonyesha walimwengu ndege yake mpya mjini Everett, Marekani: 787, aina ileile Tanzania iliyoipokea Julai 2018. Rangi inang'aa, watu wanapiga makofi. Kumbe sehemu kibao za mwili zimeshikizwa na bolti za muda! Zenyewe hazijapatikana.

Ilikuwaje? Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, biashara ya ndege ilidorora na viwanda vya bolti vikapunguza wafanyakazi. Oda ziliporudi kwa kishindo, bolti za titani zikawa za kusubiri miezi. Ndege iliyotarajiwa kuruka 2007 ikaja kuruka Desemba 15, 2009. Bolti hazikuwa sababu pekee, lakini nazo zilichangia.

Hapo ndipo inapohitajika akiba ya tahadhari. Hesabu yake ni maswali mawili tu: matumizi yanapanda na kushuka kiasi gani, na mzigo unachelewa kiasi gani kufika? Mambo yakitulia, akiba ndogo inatosha. Mambo yakibadilika, hesabu ya mwaka jana itupe, piga upya.

Ila usirundike ovyo. Muundo wa ndege ukibadilishwa, bolti za zamani zinaweza kugeuka chuma chakavu, na hela yako imelala stoo. Wajanja huweka kwa wingi vile vidogo vya bei poa vinavyoweza kusimamisha kazi nzima. Vya bei mbaya huvihesabu kimoja kimoja.

Jumatatu kaka akaja na jipya: tununue mitungi minne! Nikamwambia, "Kaka, wa akiba uwe mmoja, ila tusiuache mtupu hata siku moja. Desemba wateja wakiongezeka, tutapiga hesabu upya." Akacheka, akatoa hela ya mmoja.

Jumamosi hii karibuni. Chipsi zipo, na gesi ipo!