Kionyaupepo: Kazi ya Chombo na Jina Lake

Dereva wa Ngenge, wilayani Muleba, husema kwamba tairi limepungua upepo. Mwalimu wa fizikia husema kwamba kanieneo ya hewa imeshuka. Wote wawili wasema kweli. Lakini mfasiri wa kitabu cha maelezo ya gari hana budi kuchagua, na uchaguzi huo unagusa usalama wa watu.

Chombo kinachohusika ni kile kiwashacho taa ya manjano mbele ya dereva upepo unapopungua. Marekani ilikilazimisha katika magari madogo yote mapya kuanzia Septemba 2007, na Jumuiya ya Ulaya kuanzia Novemba 2014. Kipo cha namna mbili. Namna ya kwanza ina kihisi ndani ya kila gurudumu, ambacho hupima hewa na kupeleka habari kwa mawimbi ya redio. Namna ya pili haipimi hewa kamwe. Hutumia vihisi vya breki zizuiazo magurudumu kukwama, na kulinganisha mizunguko. Kwani tairi lililolegea hupungua kimo, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko mengine.

Mipaka yake ni dhahiri. Sheria ya Marekani yataka taa iwake upepo upunguapo kwa asilimia 25. Ikiwa kiwango kilichoagizwa ni paundi 32 kwa inchi ya mraba, taa yaweza kunyamaza mpaka zifike 24. Kihisi cha namna ya kwanza hutegemea betri, nayo huisha baada ya miaka kadhaa. Katika mifumo sahili ya namna ya pili, matairi yote yakilegea kwa kadiri moja, hakuna tofauti ya kulinganishwa. Aidha, dereva akiuwekea mfumo kiwango upya hali matairi yamelegea, ulegevu huo utahesabiwa kuwa ndio kawaida. Wala hakuna namna ipimayo uchakavu wa tairi, na pasuko la ghafla halingoji taa.

Kwa sababu hizo, jina "kipimaupepo" halifai. Kwanza, hilo ni jina la chombo cha kupimia mwendo wa upepo angani. Pili, lamwahidi dereva kipimo ambacho namna ya pili haitoi. Jina "kionyaupepo" lasema kazi yenyewe: kuonya, basi. Neno "kanieneo" libaki darasani na katika maandishi ya kitaalamu. Katika kitabu cha dereva, "upepo wa tairi" latosha.

Mfasiri atenge pia "kuwaka" na "kumweka". Katika magari yafuatayo sheria hiyo ya Marekani, taa iwakayo mfululizo yahusu tairi. Imwekayo kwa dakika moja hivi kisha ikatulia yahusu hitilafu ya mfumo wenyewe. Magari mengi yaliyotumika Japani na kuletwa nchini hayana chombo hiki; humo, kutowaka kwa taa si habari yoyote. Geji ya mkononi ingali yahitajika.