Vita Iliyopunguzwa Mara 72

Ndege ya kivita Spitfire ya Uingereza ilikuwa na mita 11 na ushei kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Ukizigawa kwa 72, unapata ndege ya mfano ya sentimita 15 hivi. Kampuni ya Airfix ilianza kuuza vipande vyake vya plastiki vya kuunganisha katika miaka ya 1950, na mwaka 1963 waundaji wa mifano wa Uingereza wakaanzisha chama, IPMS, ambacho sasa kina matawi katika nchi nyingi. Wanapokutana, hubishana kuhusu rangi na alama, na ubishi huo ndio unaoifanya kazi yao kuwa elimu. Aliye peke yake hufuata maelekezo ya kwenye boksi. Wakiwa wengi, mmoja atauliza ndege hii ilikuwa ya kikosi gani, mwezi gani, na picha ya kuthibitisha iko wapi.

Wapo wanaosema huku ni kuigeuza vita mchezo. Hoja hiyo ina uzito, kwani mchoro wa kwenye boksi huonyesha ushujaa tu. Lakini umakini huu uliwahi kutumika kulinda uhai: mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi waunde ndege 500,000 za vipimo hivyohivyo, ili askari wajifunze kutofautisha ndege za adui na za wenzao. Tena, anayechunguza michoro ya Spitfire kabla ya kugundisha chumba cha rubani hujifunza kwamba matangi ya petroli yalikuwa mbele tu ya kijana yule, na yaliposhika moto, uso na mikono yake ndivyo vilivyoungua.