Ambari, Kaharabu na Sandarusi

Msomaji wa Mbamba Bay au Liuli, aliyekulia kandoni mwa Ziwa Nyasa na bahari ya chumvi akaijua kwa kusimuliwa tu, huenda akastaajabu kuambiwa kwamba ambari, ambayo aghalabu hutajwa pamoja na miski na udi kila panaposifiwa manukato, asili yake ni matumbo ya nyangumi. Wala si kila nyangumi; ni yule mkubwa mwenye meno, alaye ngisi, ambaye midomo ya ngisi, migumu kama ya kasuku, humkereketa ndani hata mwili wake ukafanya donge la namna ya nta kuikinga adha hiyo. Donge hilo likiisha kumtoka huelea miaka mingi, jua na chumvi vikaligeuza rangi na kuifanya njema harufu yake iliyokuwa mbaya, mpaka wimbi lilitupe pwani. Waarabu huliita anbar, na kwao ndiko tulikolipata jina. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pande hizi katika karne ya 10, aliisifu ambari ya bahari ya Zanji kuwa ndiyo bora.

Jina hilo hilo likavuka hadi Ulaya, na huko likaingia mashakani. Kwani Wafaransa na Waingereza walilitumia pia kwa kitu kingine kabisa, cha manjano na chenye kupenyeza nuru, kiokotwacho katika fukwe za bahari ya Baltiki, nacho ni utomvu wa miti iliyokufa yapata miaka milioni 40 iliyopita. Kwa kuwa vyote viwili hutupwa na mawimbi na vyote hunukia vikichomwa, si ajabu vikachanganywa, hata Wafaransa wakalazimika kusema ambari ya kijivu na ambari ya manjano. Sisi hatuna haja ya taabu hiyo, maadamu ya pili tunaiita kaharabu, jina la Kiajemi lenye maana ya mpokonya makapi, kwa sababu ikisuguliwa huvuta vijiti vya majani makavu. Wayunani waliiita elektron, na kutokana na tabia yake hiyo wataalamu wa Ulaya wakaupatia umeme jina lake.

Iko na ya tatu, nayo ndiyo yetu hasa: sandarusi, utomvu wa msandarusi wa pwani, iliyo bora ikiwa ile iliyofukuliwa mchangani mahali miti yenyewe ilipokwisha toweka. Baada ya mkataba wa 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, matajiri wa Salem, mji wa Marekani, waliinunua Unguja kwa wingi ili wapate kutengeneza vanishi. Ile mbichi, isiyokomaa, wenyeji waliiita chakazi, na wageni wakalipotoa neno hilo hata likawa, katika Kiingereza chao, punda. Dhihaka isiyostahili, lakini iliandikwa vitabuni. Kilwa, mojawapo ya bandari zilizosafirisha sandarusi, ndiyo iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa, ambako pembe za ndovu zilibebwa mabegani mwa watu ambao wengi wao walikuwa wenyewe bidhaa.

Katika milima ya Umatengo, iliyo karibu na ziwa hilo, hakuna ambari, kwa kuwa ziwani hamna nyangumi. Walakini miti ya kale haikupotea bure: makaa ya mawe yachimbwayo Ngaka, wilayani Mbinga, ni mimea iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla ya kaharabu ya Baltiki kwa umri usiokadirika kwa fikira za kawaida.

Atakayeuziwa shanga za manjano kwa jina la kaharabu na azitie katika maji yaliyokolezwa chumvi: kaharabu huelea, kioo huzama. Lakini sandarusi nayo huelea. Basi kati ya hizo mbili muulize sonara mwenye ujuzi, kabla hujatoa fedha yako.