Jumuiya za Kujifunza: Walimu Wanavyopanga Ufundishaji kwa Kuanzia na Umahiri

Na Mwandishi Wetu

Utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa ulianza nchini Januari 2024, ukihusisha miongoni mwa ngazi nyingine Elimu ya Awali, Darasa la I na Darasa la III. Mtaala huo umeandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) na ni mmoja kwa Tanzania Bara. Hata hivyo, njia ya kumfikisha mwanafunzi wa Kishapu, Kahama au Geita kwenye lengo lililowekwa hupangwa na walimu wa shule yake.

Mahali pa kufanyia kazi hiyo ni Jumuiya za Kujifunza, zilizo sehemu ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA). Humo walimu wa shule moja hukutana kujadili mada zinazowatatiza, kuandaa zana na kupeana mrejesho baada ya kufundisha.

Muhtasari wa somo wenyewe unaonesha pa kuanzia. Hutangulia umahiri mkuu na umahiri mahususi, kisha shughuli za ujifunzaji, mbinu, vigezo vya upimaji, zana na idadi ya vipindi. Wazo hilo lina historia: mwaka 1949 mtaalamu wa Marekani, Ralph Tyler, alieleza kuwa swali la kwanza katika kupanga mtaala ni malengo ambayo shule inakusudia kuyafikia.

Kwa msingi huo, walimu hujiuliza maswali matatu. Mwanafunzi aweze kufanya nini? Tutajuaje kuwa ameweza? Afanye shughuli gani ili afike huko? Kitabu cha kiada huingia katika swali la tatu.

Tuchukue mfano wa vipimo vya uzani. Walimu wakianza na kitabu, kipindi kinaweza kuishia kwa wanafunzi kukariri kuwa kilo moja ni gramu 1,000. Wakianza na umahiri, watakubaliana kwanza kuwa ushahidi ni mwanafunzi kukadiria uzani, kuupima na kusoma mizani bila msaada. Ndipo dengu, choroko na pamba vinapokuwa zana. Mwalimu wa Kiswahili ataongeza msamiati wa kumwandaa mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani, na aliyewafundisha mwaka uliopita ataeleza walipokwama.

Katika ukanda wa dhahabu, jambo hili linagusa maisha. Dhahabu ya mchimbaji mdogo huuzwa kwa gramu na pamba ya mkulima kwa kilo. Asiyeweza kusoma mizani hutegemea neno la mnunuzi. Aidha, zipo familia zinazohama kufuata machimbo mapya, na mtoto hujikuta katika shule nyingine katikati ya muhula. Mwalimu anayempokea akijua ukurasa alioishia, bado hajui analoliweza. Akimpima kwa vigezo vya umahiri, ataona mara moja pa kumwanzishia.

Makubaliano ya walimu hayana budi kuingia katika azimio la kazi na andalio la somo, ili mwalimu akihamishwa mpango ubaki shuleni. Wazazi na walezi nao wana nafasi: mtoto arudipo nyumbani, waulize ameweza kufanya nini leo, kisha wampe nafasi ya kuonesha.